Jioni ya Kurina Asali: Usalama Wako na wa Nyuki Wako

 Leo tunazungumza juu ya nyuki. Pengine unajiuliza, nyuki na afya vinahusiana vipi, kama si ile asali ya kikohozi? Vuta kiti. Mazungumzo haya yanawahusu hasa ninyi mlio katika vikundi vya kufuga nyuki, kuanzia Kitui na Makueni hadi Baringo, Pokot Magharibi na Taita. Yanamhusu pia jirani wa kikundi, ambaye hana hata mzinga mmoja, lakini ana mtoto, ana mbuzi, na ana shamba lililopakana na mizinga ya wengine.

Tuanze na kikundi chenyewe. Kwa kawaida kikundi huwa na wanachama kumi, kumi na watano, au ishirini. Mmeweka akiba kidogo kidogo, mmenunua mizinga, mmegawana zamu. Kuna mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Kitabu cha akiba kipo, na mhuri upo. Lakini hebu niulize: mavazi ya kujikinga ni mangapi? Mara nyingi ni mawili tu, au ni moja lililokwisha kupasuka chini ya kwapa. Basi ikifika jioni ya kurina, wawili huvaa ovaroli, kofia ya wavu, glavu na gambuti. Wa tatu hushika tochi akiwa amevaa shati tu. Wa nne hubeba ndoo. Na watoto husimama kando wakingoja kulamba sega.

Yule mwenye tochi ndiye ninayetaka tumfikirie leo.

Nyuki wetu wa Afrika si nyuki wabaya. Ni nyuki ambao kwa maelfu ya miaka wameishi na nyegere, siafu, moto wa nyika na binadamu mwenye shoka. Wamejifunza kulinda nyumba yao upesi na kwa wingi. Nyuki mfanyakazi akikudunga, mwiba wake wenye vijimeno hubaki katika ngozi yako pamoja na kifuko cha sumu, naye hufa. Kifuko hicho huendelea kusukuma sumu hata baada ya nyuki kuondoka. Pamoja na sumu hutoka harufu inayofanana na ya ndizi mbivu, na harufu hiyo ni kengele: inawaita wenzake waje wadunge papo hapo. Ndiyo sababu mtu aliyedungwa mara moja karibu na mzinga hudungwa mara ya pili na ya tatu kabla hajajua la kufanya.

Kwa hiyo dawa ya kwanza ya kudungwa ni kuwatunza nyuki ili wasione sababu ya kupiga kengele. Nyuki wenye njaa, wenye kiu, wanaosumbuliwa na siafu kila usiku au wanaochomwa moto kila msimu ni wakali. Isitoshe, nyuki hao hawakai. Katika ukame mkali kama ule wa 2020 hadi 2023, mzinga usio na maji karibu huweza kubaki mtupu, kwa kuwa nyuki wetu huhama bila kuaga.

Basi waweke maji. Chukua beseni au karai, weka mawe na vijiti ndani yake ili wapate pa kutua wasizame, na ulijaze kila asubuhi. Beseni likae karibu na mizinga, mbali na kisima na mbali na mtungi wa nyumbani. Watu wengi hulalamika kwamba nyuki wanawadunga watoto penye bomba la maji. Nyuki hao hawakuja kutafuta ugomvi, walikuja kunywa. Wape mahali pao.

Mizinga ikae mbali na nyumba, njia ya watu, shule na zizi. Mita 100 au zaidi ni vizuri, na kama mahali ni padogo, panda ua mrefu wa miti ili nyuki wapae juu ya vichwa vya watu wanapotoka na kurudi. Mizinga ikiwa imetundikwa kwa waya, paka waya grisi ili siafu wasipande. Fyeka majani chini yake. Na tafadhali, usifunge mbuzi, punda wala mbwa karibu na mizinga. Mnyama aliyefungwa hawezi kukimbia. Atadungwa hadi afe, na anayekwenda kumfungua atakuwa hatarini vilevile.

Sasa tuje kwenye jioni yenyewe.

Zamani wengi walirina kwa mwenge wa moto, na hata leo wapo wanaofanya hivyo kwenye mizinga ya magogo. Moto huua nyuki, huunguza masega ya watoto, hutia asali ladha ya moshi na majivu, na cheche moja ikianguka kwenye nyasi kavu mnaweza kupoteza mlima mzima. Tangu miaka ya 1970, ulipobuniwa hapa kwetu mzinga wa Kenya Top Bar, wenye vipande vya mbao vilivyopangwa juu, hakuna haja tena ya kuvunja mzinga au kuuchoma. Unainua kipande kimoja, unatazama sega, unalirudisha. Huo ni mzinga ambao hata mama mzee anaweza kuufungua akiwa amesimama chini, bila kupanda mti usiku. Nasema hivyo kwa sababu kuanguka kutoka mtini nako ni jambo la hospitali, ingawa watu hulihesabu kama bahati mbaya tu.

Tumia bomba la moshi. Tia ndani samadi kavu ya ng'ombe, maganda ya mahindi au majani makavu. Usitie plastiki, raba wala mafuta ya taa. Moshi uwe wa baridi na mweupe. Puliza mara mbili tatu mlangoni, ngoja dakika chache, kisha fungua. Moshi huficha ile harufu ya kengele, na huwafanya nyuki wajaze matumbo asali, na nyuki aliyeshiba ni mpole. Ukifungua bila kungoja, umeupoteza moshi wako bure.

Kazi ifanywe jua linapotua au baada ya hapo, pole pole, bila kugonga mzinga. Kama mnatumia tochi, funikeni kioo chake kwa karatasi ya nailoni nyekundu. Nyuki haoni rangi nyekundu vizuri, kwa hiyo hatarukia mwanga. Usijipake manukato. Na usije ukiwa umekunywa. Najua wapo wanaosema kinywaji huleta ujasiri. Mzingani hatuhitaji ujasiri, tunahitaji mikono isiyotetemeka na mtu anayeweza kutambua kwamba mwenzake ameanza kuugua.

Mchune masega yaliyofunikwa kwa nta nyeupe sehemu kubwa. Hiyo ndiyo asali iliyoiva. Ile isiyofunikwa bado ina maji mengi, nayo huchacha katika chupa na kuwaharibia jina sokoni. Masega ya watoto yaacheni. Malkia anaweza kutaga zaidi ya mayai 1,000 kwa siku wakati wa maua, na yai huchukua karibu wiki tatu kuwa nyuki mfanyakazi kamili. Sega la watoto unalolitupa leo ni wafanyakazi wako wa wiki tatu zijazo. Waachieni pia asali ya kula hadi mvua nyingine.

Na mavazi? Hapa ndugu mweka hazina anisikilize. Idadi ya watu wanaokwenda mzingani iwe sawa na idadi ya mavazi. Kama mna mavazi mawili, waende wawili. Mwenye tochi naye avae. Wengine wote, pamoja na watoto, wabaki mbali, gizani, na ndoo ziletwe kwao. Kabla hamjanunua mzinga wa ishirini, nunueni vazi la tatu.

(Muziki mfupi)

Msikilizaji, pamoja na hayo yote, siku moja mtu atadungwa. Ufanyeje?

Kwanza, mwondoe mahali hapo. Atembee upesi akiwa amefunika uso, aingie ndani ya nyumba au gari na kufunga mlango. Kama kundi zima limetoka, akimbie moja kwa moja asisimame. Asipige piga mikono hewani, wala asikimbilie penye watu wengine. Asijitupe mtoni au bwawani: nyuki watamngoja juu, na wengi wanaofanya hivyo huwa katika hatari ya kuzama.

Pili, ondoa mwiba mara moja. Kwangua kwa ukucha, kwa kisu upande butu, kwa kadi ya simu, kwa chochote kilicho karibu. Usipoteze muda kutafuta kifaa kizuri. Sehemu kubwa ya sumu huingia katika sekunde chache za kwanza. Haraka ni muhimu kuliko namna ya kuuondoa. Kisha osha kwa maji na sabuni, weka kitambaa kilicholowa maji baridi, vua pete kabla kidole hakijavimba. Paracetamol itapunguza maumivu, na vidonge vya mzio kama setirizini vitapunguza mwasho. Mafuta ya taa, maji ya betri na dawa ya meno viacheni. Mafuta ya taa na maji ya betri huchoma ngozi, na vyote vitatu hupoteza muda.

Kwa watu wengi mambo huishia hapo. Mahali palipodungwa patauma, patavimba na kuwasha kwa siku mbili tatu. Wakati mwingine mkono mzima huvimba. Si jambo la kupendeza, lakini si la kuua.

Kwa wachache, mambo ni tofauti kabisa. Mwili wao una mzio wa sumu ya nyuki, au aleji kama wengi tunavyosema. Kwa watu hawa, nyuki mmoja anatosha. Katika dakika chache vipele vinawatoka mwili mzima, hata mahali ambapo hawakudungwa. Midomo, ulimi au macho yanavimba. Sauti inakauka. Kifua kinabana na pumzi inatoa mlio. Wengine hutapika, huharisha, huona kizunguzungu, huanguka. Hali hii inaweza kumuua mtu kabla ya nusu saa kwisha.

Na sasa sikiliza vizuri, kwa sababu hapa ndipo wafugaji wazoefu hujidanganya. Unasikia mzee akisema, "Mimi nimedungwa tangu utotoni, sumu ya nyuki imeshanizoea." Huenda ni kweli kwake. Lakini mzio unaweza kuanza ukubwani, baada ya mtu kudungwa mara nyingi bila shida yoyote. Kudungwa zamani si cheti cha usalama. Na yule ambaye mwaka jana alitokwa na vipele mwili mzima au alizirai baada ya kudungwa, huyo asikaribie mzinga tena hata akiwa mwenyekiti. Apewe kazi ya kuchuja, kupima na kuuza, na aende hospitali akaeleze lililompata. Mwenye pumu, na anayetumia dawa za presha, nao wamuulize daktari kabla ya kujiunga na zamu ya kurina.

Dawa inayookoa maisha katika hali hii ni sindano ya adrenalini, inayochomwa kwenye msuli wa paja. Vidonge vya mzio haviwezi kuchukua nafasi yake. Vinapunguza mwasho, lakini havifungui koo lililoziba wala havipandishi presha iliyoanguka.

Kwa hiyo, kabla ya msimu kuanza, katibu wa kikundi afunge safari hadi zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Amuulize muuguzi maswali matatu. Je, mna adrenalini? Je, usiku kuna mtu? Kama hakuna, ni wapi tunaweza kupata huduma saa mbili za usiku? Majibu ayaandike katika kile kitabu cha mikutano, ukurasa wa kwanza. Kisha mtafute mwenye gari, mkubaliane naye bei mapema, na siku ya kurina simu yake iwe imewashwa. Mhamasishaji wa afya wa kijiji chenu naye ajulishwe. Nambari za dharura 999 na 112 ziandikwe ukurasa huo huo.

Nimetaja gari makusudi. Bodaboda ni msaada mkubwa vijijini, lakini mgonjwa ambaye presha yake imeanguka hafai kuketishwa wima na kutikiswa barabarani. Mlaze chali na kuinua miguu yake. Kama anashindwa kupumua, mwache aketi akiwa amenyoosha miguu. Kama ni mama mjamzito, mlaze kwa ubavu wa kushoto. Usimsimamishe ghafla, usimtembeze, usimpe chakula wala maziwa. Kama bodaboda ndiyo usafiri pekee uliopo, basi akae katikati ya watu wawili, na msichelewe. Akifika na kupata nafuu, asikimbilie nyumbani. Dalili zinaweza kurudi baada ya saa kadhaa, kwa hiyo akubali kuangaliwa.

Kuna wa tatu pia: yule asiye na mzio lakini amedungwa na nyuki wengi. Mtu mzima aliyedungwa mara nyingi, makumi kwa makumi, na mtoto aliyedungwa hata mara chache kuliko hapo, wapelekwe hospitali ingawa wanasema wako sawa. Sumu nyingi huharibu misuli na figo, na dalili zinaweza kuchelewa hadi kesho yake. Mkojo ukiwa mchache au mweusi kama chai ya rangi, hiyo ni dharura. Vivyo hivyo kwa aliyedungwa mdomoni, kooni au kwenye jicho.

Haya, asali imefika nyumbani. Mnaitia katika nini? Ndoo safi za plastiki za kuwekea chakula, zenye kifuniko kinachobana. Si jerikani lililokuwa na dawa ya kunyunyizia nyanya, hata kama umelisuuza mara kumi. Sumu hiyo huingia katika plastiki yenyewe. Chujeni kwa kitambaa safi, mikono ikiwa imeoshwa.

Na mama mwenye mtoto mchanga, usimlambishe asali. Najua katika jamii nyingi mtoto hupakwa asali mdomoni siku anapozaliwa au anapopewa jina. Asali, hata iliyo safi kabisa, inaweza kubeba mbegu za bakteria zinazoleta ugonjwa uitwao botulizimu. Tumbo la mtu mkubwa huzishinda mbegu hizo. Tumbo la mtoto ambaye hajafikisha mwaka mmoja haliwezi. Mtoto huanza kwa kufunga choo, kisha kilio chake kinakuwa dhaifu, ananyonya kwa shida, shingo na mikono inalegea, na mwishowe misuli ya kupumua inachoka. Kuchemsha asali jikoni hakuziui mbegu hizo. Ngoja mtoto atimize miezi 12. Baada ya hapo, kijiko kidogo cha asali kabla ya kulala kitamtuliza kikohozi. Bibi akisisitiza, mwambie kwa heshima kwamba umeambiwa kliniki ungoje, na umwekee asali yake kando kwa siku ya kutimiza mwaka. Mwenye kisukari naye akumbuke kwamba asali ni sukari, iwe imetoka msituni au la.

Jambo moja la mwisho, kwa yule jirani niliyemtaja mwanzoni. Ukinyunyizia mimea dawa saa nne asubuhi, wakati maua yamefunguka, unaua nyuki waliokuja kukusaidia mbelewele za tikiti maji na maboga yako zifike panapotakiwa. Nyunyizia jioni, nyuki wamerudi, upepo umetulia, na wewe mwenyewe umevaa barakoa na glavu. Wajulishe kikundi siku moja kabla. Nanyi wanakikundi msimwendee jirani kwa maneno makali. Mpelekeeni chupa ya asali kwanza, kisha mzungumze. Wala msitie dawa ya wadudu ndani ya mizinga yenu. Mwaka 2009 utitiri uitwao varoa uligunduliwa kwa nyuki wa Kenya, na wengi waliogopa. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba nyuki wetu wanaishi nao na kuumudu bila kutiliwa kemikali. Kemikali utakayoitia mle utailamba katika asali.

Kama kikundi chenu ni kipya, muoneni afisa wa mifugo wa kaunti, au mpige hodi katika kituo cha taifa cha ufugaji nyuki kilichoko Lenana, Nairobi, wawaelekeze juu ya mafunzo.

Wiki ijayo, saa kama hii, tutazungumza juu ya tangi la maji ya mvua: namna ya kulisafisha kabla ya mvua ya vuli, na kwa nini maji ya mvua ya kwanza hayafai kunywewa. Hadi wakati huo, kwaheri.